Mtu wa Kumkimbilia

"Mwache alie, ukimbeba kila mara atadeka." Mama aliyetoka kujifungua huambiwa hivyo na mama mkwe, na jirani, na shoga yake wa kazini. Nia huwa njema. Anayesema hivyo anaogopa kwamba mtoto anayeitikiwa kila akilia ataitawala nyumba, na akikua atakuwa goigoi asiyeweza jambo bila mama yake kuwapo. Naandika sura hii kuupinga ushauri huo. Mtoto anayeitikiwa ndiye anayethubutu kwenda mbali, na sehemu ya ushahidi wa kwanza wa jambo hilo haikuletwa kutoka ng'ambo. Ilipatikana hapa Afrika Mashariki, katika vijiji vya kando ya Kampala, katikati ya miaka ya 1950.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala pamoja na mumewe, aliyekuwa amepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii huko Makerere. Ainsworth alitokea London, alikokuwa akifanya kazi na daktari wa akili John Bowlby. Bowlby ndiye aliyeliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti ya mwaka 1951 kuhusu watoto waliotengwa na mama zao. Siku hizo hospitali nyingi za Uingereza zilimbania mzazi nafasi ya kumwona mwanawe aliyelazwa, na wahudumu waliamini kwamba mtoto aliyeacha kulia ameshazoea. Bowlby na wenzake walipomtazama vizuri mtoto yule aliyenyamaza, waliona kwamba hakuzoea chochote. Alikuwa amekata tamaa.

Ainsworth alitaka kujua Baganda wanavyowaachisha watoto ziwa, kwa kuwa alikuwa amesikia desturi ya kumpeleka mtoto kwa bibi yake wakati huo. Alipoingia vijijini akakuta mambo mengi zaidi ya kutazama. Kwa miezi kama tisa alizitembelea familia 26 zenye watoto 28, kila nyumba mara moja katika wiki mbili, akikaa saa mbili hivi pamoja na mkalimani. Hakuwa na maabara. Alikaa sebuleni na kina mama, wakazungumza, naye akawa anaangalia: nani anamnyamazisha mtoto, mtoto anatambaa kwenda wapi, akishtuka anageuka kumtazama nani. Badala ya malipo aliwasaidia kina mama usafiri wa kwenda kliniki na maziwa ya unga kwa bei ya jumla.

Alichokiona kila mzazi amekiona, ila yeye alikiandika. Mtoto anakubali kushikwa na mgeni, kisha anaanza kulia, na analia mpaka arudishwe kwa mama yake. Hapo ananyamaza. Baada ya kitambo anateremka mapajani, anatambaa kuelekea mlangoni au kwenye kikapu cha mgeni, anasimama, anageuka kuhakikisha mama bado yuko pale, kisha anaendelea na safari yake. Mama akiinuka kuondoka, safari imekwisha. Mtoto haendi tena kokote. Anamfuata mama au analia. Kwa maneno mengine, kuwa na mtu wa kumkimbilia ndiko kulikompa mtoto ujasiri wa kumwacha mtu huyo na kwenda kuuona ulimwengu.

Watoto hao hawakuwa sawa. Kati ya 28, Ainsworth aliona kwamba 16 walikuwa na uhusiano wenye uhakika na mama zao, 7 walikuwa na wasiwasi, na 5 bado hawakuonyesha uhusiano ulio wazi. Wale 7 walilia sana, na wengine walilia hata wakiwa mikononi mwa mama. Soma tena hapo, wewe uliyeambiwa kwamba kubebwa ndiko kunakomharibu mtoto: waliodeka, kama tunataka kulitumia neno hilo, ni wale ambao hawakuwa na hakika kama wataitikiwa. Na jambo mojawapo lililowatofautisha kina mama lilikuwa hili: wale wenye watoto watulivu walijua kumweleza mgeni habari ndogo ndogo za watoto wao. Walijua kilio cha njaa na kilio cha usingizi. Walijua kipi kinamchekesha na kipi kinamtisha. Kumjua mtoto kiasi hicho hakuhitaji elimu ya shule wala fedha. Kunahitaji mtu aliyekuwa akimtazama.

Kitabu cha Ainsworth kuhusu Uganda kilitoka mwaka 1967. Wakati huo alikuwa Baltimore, Marekani, akiwafuatilia watoto wengine kwa njia ileile ya kukaa nyumbani na kuangalia. Mwaka 1972 yeye na mwenzake Sylvia Bell walitangaza kwamba watoto walioitikiwa upesi walipolia katika miezi ya kwanza walikuwa wanalia kidogo zaidi walipokaribia mwaka mmoja. Wapo watafiti waliobishana nao kuhusu namna walivyopima, na mabishano ya aina hiyo ni afya ya sayansi. Mimi nasimama upande wa Bell na Ainsworth, kwa sababu maelezo yao yanaingia akilini. Mtoto wa miezi mitatu hana uwezo wa kutosha wa kujituliza. Mapigo ya moyo wake, pumzi yake, misuli yake iliyokakamaa, vyote vinatulizwa na mwili wa mtu mwingine uliotulia. Akitulizwa hivyo mara nyingi, mwili wake unajifunza njia ya kurudi kwenye utulivu, na siku moja anaipita njia hiyo mwenyewe. Hakuna anayejifunza njia ambayo hajawahi kupitishwa.

Wala kuitikia si kubeba tu. Katika miaka ya 1970 Edward Tronick, mtafiti wa Marekani, aliwaomba kina mama wacheze na watoto wao wachanga kama kawaida, kisha wanyamaze na kuukausha uso kwa dakika chache. Mtoto hutabasamu ili amrudishe mama. Hunyoosha mikono. Hupiga kelele. Asipojibiwa hugeuza uso pembeni, mwili unalegea, na wengine hulia. Mama yupo mbele yake, hajaenda kokote, lakini hayupo. Wasomaji wengi watafikiri kuhusu simu, nami nafikiri vivyo hivyo. Siku ina saa nyingi na hakuna mzazi anayeweza kuwa macho kwa mtoto muda wote, na wala haitakiwi. Tronick mwenyewe alisisitiza kwamba hata mama na mtoto wanaopatana hupotezana mara nyingi kwa siku. Kinachomjenga mtoto ni kutafutana tena baada ya kupotezana. Lakini mtoto anapokuletea kijiti alichookota nje, weka simu chini ukione kijiti.

Kazi inageuka mtoto akifika mwaka mmoja na nusu. Sasa ana matakwa, ana miguu, na maneno yake bado machache. Hapa ndipo wazazi wengi wapole wanaposhindwa, kwa kudhani kwamba kuitikia maana yake ni kutoa kila kinachoombwa. Mko dukani kwa Mangi. Mtoto wa miaka miwili ameona biskuti, umemwambia hapana, amejitupa chini anagaragara, na watu wanatazama. Aibu inakupanda usoni. Njia mbili zinakuja haraka: kununua biskuti ili anyamaze, au kumchapa ili anyamaze. Zote mbili zinanyamazisha, na zote mbili zinamwachia mtoto hasira yake ileile bila kumfundisha la kuifanya.

Ipo njia ya tatu, nayo ni polepole. Unachuchumaa usawa wa macho yake. "Mama, ulitaka biskuti. Nimesema hapana, umekasirika sana. Njoo nikushike." Hapana inabaki kuwa hapana. Huenda akakusukuma, unabaki karibu. Huenda ukalazimika kumbeba mtoke nje, mkae kibarazani mpaka kilio kiishe. Hotuba haitakiwi wakati huo, kwa kuwa sehemu ya ubongo inayozuia pupa na kupima maneno ndiyo inayochelewa kukomaa kuliko zote, hadi miaka ya ishirini na kitu, na kwa mtoto mwenye ghadhabu ni kama haipo. Maneno mfundishe baadaye, jioni, wakati wa kuoga: leo dukani ulikasirika, ulilia, kisha ukapoa. Mtoto anayeambiwa mara kwa mara kwamba hii ni hasira, huu ni wivu kwa sababu mdogo wako amepakatwa, huu ni woga wa giza, atafika miaka minne akisema "nimekasirika" mahali ambapo mwenzake angeuma.

Kuhusu fimbo sitazunguka. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18: kuchapwa, kupigwa ngumi au mateke, au kutishwa kwa silaha na ndugu, mtu mwenye mamlaka au mpenzi. Najua jibu linalotolewa: sisi tulichapwa na tukawa watu. Tukawa watu kwa sababu ya mengi, miongoni mwake bibi aliyetuficha nyuma ya kanga yake. Mtoto mdogo anayepigwa na mzazi anaingia katika tatizo lisilo na ufumbuzi. Akili yake inamwambia kwamba akitishwa amkimbilie mama au baba, na sasa anayemtisha ni huyo huyo. Mtu wa kumkimbilia amegeuka mtu wa kumkimbia. Mtoto wa namna hiyo hutulia mbele za watu wazima, na huo si utulivu ninaoutetea hapa.

Hata hivyo, asiyechapa si lazima awe asiyeamuru, na hapa nawageukia wazazi wa mijini wanaodhani kwamba malezi ya kisasa ni kumuuliza mtoto wa miaka mitatu kila uamuzi. Jaribio moja linafundisha. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza kuwapa watoto wa chekechea kitamutamu kimoja na kuwaambia kwamba wakisubiri mpaka arudi watapata viwili. Miaka mingi baadaye Bettina Lamm, Heidi Keller na wenzao walifanya jaribio la namna hiyo kwa watoto wa miaka minne huko Ujerumani na kwa watoto wa Wanso, wakulima wa Kamerun. Karibu asilimia 70 ya watoto wa Kinso walisubiri hadi mwisho. Wa Ujerumani hawakufika asilimia 30. Kina mama wa Kinso huwaongoza watoto wao kwa maagizo yaliyo wazi, na tangu uchanga huwazoeza utulivu na heshima kwa wakubwa. Ukaribu wa mwili na mipaka thabiti vilikaa nyumba moja. Sioni sababu ya sisi kuagiza malezi kutoka nje tukiwa na urithi wa aina hiyo. Cha kutoa katika urithi wetu ni fimbo na kejeli. Shikamoo, zamu, kugawana na kungoja vibaki.

Kungoja na kugawana mtoto hujifunza zaidi kwa wenzake kuliko kwetu. Wakiwa uani wanajipikilisha, mmoja mama, mmoja baba, mmoja mgonjwa, mchanga ni ubwabwa. Yule wa miaka minne aliyeambiwa awe mtoto mchanga anakubali kulala kimya dakika tano, jambo ambalo mama yake hajawahi kulipata kwa kumwomba. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyefariki mwaka 1934, aliliona hilo mapema: ndani ya mchezo mtoto hujizuia kuliko anavyojizuia katika maisha yake ya kawaida, kwa kuwa kanuni ya mchezo ndiyo inayomfurahisha. Katika kombolela lazima ukae mafichoni ingawa unatetemeka kwa hamu ya kutoka. Katika rede lazima ukubali kwamba umepigwa na mpira na utoke. Wanagombana, wananuniana, wanapatana kabla ya magharibi. Mtu mzima asikimbilie kuhukumu. Asimlazimishe mtoto atamke "samahani" huku anatazama juu. Afadhali amwambie amtazame mwenzake anayelia, kisha amuulize afanye nini ili apoe. Ninaumia kuona watoto wa mijini wamefungiwa ndani ya geti na televisheni kuanzia asubuhi, kwa kuwa nje kuna bodaboda na hakuna mtu wa kuwaangalia. Majirani wawili wakipeana zamu ya kukaa barazani, watoto sita wanapata uwanja.

Chekechea ingeweza kuwa uwanja huo. Nyingi zimegeuka darasa la kwanza la watoto wadogo: madawati, nakala, mtihani, kimya. Pwani yetu imewahi kuonyesha mfano mwingine. Katika miaka ya 1980, mwalimu Swafiya Said wa Mombasa alisaidia kuanzisha shule za awali ndani ya madrasa, kazi iliyoungwa mkono na Mfuko wa Aga Khan, ikafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Mtoto alijifunza Qurani na adabu, na humo humo akacheza kwa vifuu, makuti, kokoto na vizibo, katika kona zilizopangwa, na mwalimu aliyekaa chini pamoja naye. Wenye shule binafsi wanaosema hawana fedha za vifaa vya kuchezea wawakumbuke walimu wale.

Sasa niseme linalonisumbua kuliko yote. Sheria ya ajira ya Tanzania inampa mama mwenye ajira rasmi siku 84 za likizo ya uzazi, na baba siku 3. Siku 84 ni wiki 12. Upendeleo wa wazi wa mtoto kwa watu wake, ule wa kulia mgeni akimshika na kumfuata mlezi wake kwa magoti, huonekana vizuri kuanzia miezi sita au saba. Kwa hiyo katika maelfu ya nyumba, wakati mtoto anachagua mtu wa kumkimbilia, aliye mbele yake kutwa nzima ni dada wa kazi.

Hilo lenyewe si baya. Huko Kisii, Kenya, kwa Wagusii, watoto wamelelewa kwa vizazi na dada zao wakubwa mama akiwa shambani. Rosanne Kermoian na Herbert Leiderman walichapisha mwaka 1986 utafiti wao kuhusu watoto wachanga wa Kigusii, na humo wakaeleza jambo linalopendeza: mtoto wa Kigusii aliyeachwa kwa muda mfupi hakungoja kukumbatiwa mama akirudi. Alingoja kupewa mkono, kwa maana ndivyo alivyozoea kusalimiwa. Zaidi ya nusu ya watoto walikuwa na uhusiano wenye uhakika na mama, na zaidi ya nusu walikuwa nao kwa mlezi pia. Na ule uhusiano na mlezi, binti aliyecheza naye kutwa, ulikwenda pamoja na maendeleo ya akili ya mtoto. Moyo wa mtoto una nafasi ya watu kadhaa, ilimradi wawe walewale, na wawepo kesho.

Wasiwasi wangu ni hiyo kesho. Dada wa kazi analipwa kidogo, mara nyingine halipwi kwa wakati, anafokewa mbele ya mtoto, analala jikoni. Mwezi wa kumi na mbili anaomba ruhusa ya kwenda nyumbani na harudi. Au anafukuzwa asubuhi moja kwa sababu ya sukari, na jioni mtoto anaambiwa "dada ameenda sokoni". Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hukaa mlangoni akimsubiri. Anakataa chakula, anamuuma msichana mpya, na sisi tunasema amekuwa mkorofi. Amefiwa, na hakuna aliyempa pole. Wengine wanapitia hayo mara tatu au nne kabla ya darasa la kwanza, na kila mara wanamshika mlezi mpya kwa mkono mlegevu zaidi.

Serikali ya Tanzania ilizindua Desemba 2021 programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, na malezi yenye mwitikio yamo ndani yake kama moja ya nguzo, sambamba na afya, lishe, ulinzi na ujifunzaji wa awali. Ni hatua nzuri. Lakini hakuna ofisa atakayeingia chumbani kwako kukuambia jinsi ya kuishi na binti anayekulelea mwanao. Hilo ni lako. Mlipe kwa wakati. Mpe siku ya kupumzika. Usimfokee mbele ya mtoto, kwa maana unamfokea mtu wake. Mwonyeshe, kama ambavyo ungependa kuonyeshwa, mtoto analalaje na akilia anataka nini. Naye akikueleza alichokiona mchana, sikiliza, maana anajua mambo ambayo wewe hukuwapo kuyaona. Akiamua kuondoka, mpokee mpya mapema ili wakae pamoja japo wiki moja. Mwambie mtoto ukweli kwa maneno mafupi, waache waagane hata kama watalia wote wawili, na baada ya hapo mpigie simu dada huyo mara moja moja, mtoto aisikie sauti yake.